Mangwe Mbili za Lexington

Shangazi yangu ni mtu wa kanisa. Nilipomwambia kwamba kesho yake ningeamka mapema kwenda Lexington kutazama mangwe, aliuacha mwiko ndani ya sufuria akageuka kunitazama.

"Umevuka bahari yote hiyo, mwanangu, uje uangalie mahali watu walipokunywa pombe?"

Nikamweleza kwamba hizo ni mangwe za zaidi ya miaka 250, kwamba siku hizi ni makumbusho na hakuna anayeuza hata tone.

"Basi hapo ndipo umepotea kabisa," akasema. "Mangwe isiyo na tembo."

Shangazi anaishi Lowell, mji wa viwanda vikuukuu vya pamba kaskazini-magharibi mwa Boston. Wakenya wamejaa huko, na Jumapili unaweza kuulizwa habari za nyumbani mara tatu kabla hujafika mlango wa kanisa. Sikujihisi mgeni sana hata siku ya kwanza. Jimbo hili la Massachusetts lilituvika nguo kabla hatujalijua jina: wafanyabiashara wa Salem walianza kutia nanga Unguja katika miaka ya 1820, na kitambaa chao kizito cha pamba ndicho bibi zetu walichokiita merikani.

Nilichokuwa nakifuata, hata hivyo, ni barabara. Nimekulia Mariakani, kando ya njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na mtu aliyelelewa kando ya barabara huwa na udhaifu wa nyumba za kandokando yake: hoteli ya chai ya saa tisa usiku, lojingi ya madereva wa malori, mangwe ya mnazi iliyojificha nyuma ya mikorosho. Barabara ikiharibika, mwenye nyumba hizo ndiye wa kwanza kujua. Polisi hupita kwake, wanaokimbia polisi hupita kwake, na wote huomba maji. Nilitaka kuona mambo hayo yalikuwaje mahali ambapo barabara iliharibika hadi ikazaa nchi.

Nilipanda basi namba 77 pale Harvard asubuhi ya baridi ya mwezi wa Oktoba. Basi hilo hupita Massachusetts Avenue, na kwa kilomita kadhaa dereva anafuata, bila shaka bila kufikiri, njia ile ile waliyoipita askari wa Mfalme wa Uingereza usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili 1775. Walikuwa kama 700. Walivushwa mto Charles kwa mashua, wakateremshwa kwenye kinamasi, wakaanza safari viatu vimejaa maji. Walitumwa Concord, kama kilomita 30 kutoka Boston, kuharibu silaha na baruti zilizokusanywa na wenyeji.

Mji wa Arlington, ambao siku hizo uliitwa Menotomy, niliupita nikiwa nimekaa dirishani natafuta vitu ambavyo havipo. Hapa kulikuwa na Black Horse Tavern. Wajumbe wa kamati ya uasi walikuwa wamekutana hapo mchana, na watatu kati yao, Elbridge Gerry, Azor Orne na Jeremiah Lee, wakaamua kulala. Jeshi lilipofika usiku walitokea nyuma wakiwa na nguo za kulalia, wakajilaza kifudifudi kwenye shamba la mabua ya mahindi, katika baridi ya Aprili ya huko, hadi askari walipomaliza kupekua. Gerry aliishi akawa Makamu wa Rais. Lee aliugua homa, akafa tarehe 10 Mei mwaka huo huo. Hakupigwa risasi wala hakushika bunduki. Kosa lake lilikuwa kulala lojingi ya kando ya barabara usiku usiofaa.

Mbele kidogo ilikuwa Cooper Tavern, nayo haipo tena. Mchana wa siku hiyo, jeshi lilipokuwa likirudi Boston huku likipigwa risasi kutoka nyuma ya kila ukuta, wanaume wawili, Jason Winship na Jabez Wyman, walikuwa bado wameketi humo wakinywa. Wenye nyumba, Benjamin na Rachel Cooper, walikimbilia chini kwenye ghala, wakasalimika. Baadaye waliapa mbele ya hakimu kwamba zaidi ya risasi 100 zilipigwa ndani ya nyumba yao, na kwamba wale wawili waliuawa bila silaha. Najiuliza kila mara kwa nini hawakuondoka. Mizinga ilikuwa ikisikika. Lakini mimi nimewaona watu mangweni: mtu akishafika katikati ya mboko, hata nyumba ya jirani ikiwaka atakuambia subiri nimalize.

Walichokuwa wakinywa kina maelezo yake, na nitayatoa kwa sababu shangazi hatasoma hapa. Ni bia iliyochanganywa na ramu na sukari au molasi, ndani ya kikombe kikubwa. Kisha mwenye nyumba huchukua chuma kilichokuwa motoni hadi kikawa chekundu, akakitumbukiza humo. Kinywaji kinaunguruma, kinatoa povu, kinapata ladha ya kuungua. Ramu ya Massachusetts ilitengenezwa kwa molasi iliyotoka visiwa vya Karibi, na molasi hiyo ilitoka kwa miwa iliyokatwa na Waafrika waliouzwa. Sehemu ya ramu hiyo ilipelekwa Afrika Magharibi kununulia wengine. Kwa hiyo Mwafrika alikuwa ndani ya kila mangwe ya barabara hii kabla hajaingia mlangoni.

Na pengine mlangoni aliingia pia. Nitafika hapo.

Mwisho wa basi la 77 nilidandia jingine, nikaipita Munroe Tavern, moja ya mangwe mbili nilizozifuata, bila kushuka, hadi Lexington mjini. Nilitaka kuanzia asubuhi ya vita na kuishia mchana wake, yaani kurudi kwa miguu kama walivyorudi Waingereza.

Uwanja wa Lexington ni kipande cha nyasi chenye pembe tatu, mahali ambapo kwetu wangekuwa wamefunga mbuzi watatu na kuweka goli la mpira. Ng'ambo ya barabara ndipo ilipo Buckman Tavern, nyumba kubwa ya mbao iliyojengwa karibu na mwaka 1710. Mwaka 1775 ilikuwa mali ya John Buckman, mwanamgambo mwenyewe. Ukiingia unaelewa haraka kwamba kuiita baa ni kuipunja. Wakulima waliopeleka mazao na mifugo Boston walilala hapa. Jumapili, kati ya ibada ya asubuhi na ya mchana, watu walitoka kwenye kanisa lisilo na moto wakaja kuota meko. Wanawake walikuwa na chumba chao. Habari zilifika hapa kabla ya kufika kokote, na baadaye nyumba hii ndiyo iliyokuwa posta ya kwanza ya mji. Jumlisha mangwe, lojingi, ofisi ya chifu na steji ya matatu, ndipo utakaribia.

Paul Revere, mjumbe aliyetoka Boston kwa farasi, alileta habari kwamba jeshi linakuja karibu saa sita usiku. Kapteni John Parker wa wanamgambo, mkulima ambaye tayari kifua kikuu kilikuwa kinammaliza, aliwaita watu wake uwanjani. Wakangoja. Baridi ilikuwa kali, jeshi halionekani, na mjumbe aliyetumwa kuchungulia alikuwa hajarudi na neno la uhakika. Parker akawaachia, akawaambia wasiende mbali, wakisikia ngoma warudi. Waliokaa karibu walikwenda makwao. Wengine wakavuka barabara wakaingia kwa Buckman.

Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo, mbele ya meko yale. Vitabu vya shule hupenda asubuhi, mstari wa wanaume nyasini na risasi ya kwanza. Mimi naona saa zile tatu nne za kungoja ndizo zenye uzito. Watu wale walikuwa ndugu na mashemeji kwa sehemu kubwa. Kina Munroe na kina Harrington peke yao wangejaza benchi. Magobori yameegemezwa ukutani. Mtu anatoka nje kukojoa, anarudi, anaulizwa, "Vipi?" Anajibu, "Kimya." Mwingine anasinzia. Kila aliyewahi kungoja kitu kibaya usiku, mgonjwa wodini au mapigano ya siku inayofuata, anakijua chumba hicho.

Ghorofani kulikuwa na sanduku. Lilikuwa la John Hancock, mwanasiasa tajiri aliyekuwa amejificha kwa mchungaji wa mji, na lilijaa nyaraka ambazo zingewatia wengi kitanzini. Revere, ambaye kati ya usiku na alfajiri alikuwa ameshakamatwa njiani, akanyang'anywa farasi na kuachiwa arudi kwa miguu, alipanda kulichukua pamoja na karani wa Hancock, John Lowell. Kutoka dirishani wakaona jeshi limefika. Wakaliinua, wakapita nalo katikati ya watu wa Parker waliokuwa wakijipanga, wakaenda zao msituni. Risasi zilianza wakiwa bado wamelibeba. Napenda sana picha hiyo: taifa linazaliwa, na watu wawili wanahamisha mzigo.

Habari ya hakika ilifika karibu saa kumi na nusu alfajiri, ikiletwa na Thaddeus Bowman. Kijana William Diamond akapiga ngoma. Waliotoka kwa Buckman na majumbani wakapanga mstari, 77 kwa hesabu iliyozoeleka. Nani alipiga risasi ya kwanza, wanahistoria wanagombana hadi leo, na wapo wanaosema ilitoka upande wa nyumba hii hii. Mambo yalikwisha kwa dakika chache. Watu wanane walikufa, kumi wakajeruhiwa. Mlango wa zamani wa Buckman umehifadhiwa ndani, una tundu la risasi. Msichana aliyenitembeza alilionyesha kwa kidole bila kuligusa, kama mtu anayeonyesha jicho la mgonjwa.

Nje ya nyumba kuna jiwe dogo lililowekwa mwaka 2008. Ni la Prince Estabrook, mmoja wa majeruhi kumi wa asubuhi ile. Alikuwa mtumwa wa Benjamin Estabrook, mwenyeji wa Lexington, na alisimama mstarini kama wengine akapigwa risasi begani. Akapona, akaendelea kupigana kwa vipindi hadi vita vilipokwisha, akapata uhuru wake, akaenda kuishia Ashby, kaskazini mwa jimbo. Nilipomwuliza yule msichana kama Prince naye aliota moto ndani ya Buckman usiku ule, alinijibu kwa uaminifu kwamba hakuna aliyeandika. Sikumlaumu. Aliyeandika orodha ya majeruhi siku zile aliona lazima aweke rangi yake kando ya jina. Alikokaa usiku hakukumsumbua.

Katikati ya nyasi kuna mnara wa mawe wa mwaka 1799, na mbele yake wamezikwa watu wa Lexington waliouawa asubuhi ile. Niliupiga picha kwa simu, maandishi yote, nikaendelea na safari. Nilikuwa sijui bado kwamba nitaihitaji.

Kutoka uwanjani hadi Munroe Tavern ni maili moja, kilomita moja na nusu na ushei. Ni mteremko mwepesi, kuna duka la kahawa, benki, nyumba zenye maboga milangoni. Askari waliorudi kwa njia hii mchana ule walikuwa wametembea tangu usiku uliopita. Concord walipigwa darajani, na kutoka hapo risasi hazikukoma. Wengine hawakuwa na baruti tena. Kilichowaokoa ni kikosi cha Brigedia Hugh Percy, askari kama 1,000 na mizinga miwili, kilichowapokea hapa Lexington karibu saa nane na nusu mchana. Wale wa kwanza walijitupa chini wakalala barabarani.

Percy alihitaji nyumba. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya Sajini William Munroe.

Munroe Tavern ilijengwa mwaka 1735, na ni ndogo na nyonge ukiilinganisha na ile ya uwanjani. Mwenyewe hakuwepo. Usiku alikuwa analinda nyumba ya mchungaji, na ndiye aliyemwambia Revere asipige kelele watu wamelala, akajibiwa kwamba kelele zitakuja zenyewe muda si mrefu. Asubuhi alisimama na Parker. Mchana alikuwa kwenye vichaka na wenzake akiwalenga wale wale waliokuwa wamekaa kwenye viti vyake. Mkewe Anna alikuwa amekimbilia kilimani nyuma ya nyumba pamoja na watoto. Kwa muda wa kama saa moja na nusu nyumba ikawa makao ya jemadari na hospitali. Majeruhi walilazwa kwenye chumba cha chakula. Waliobaki walikunywa kilichokuwepo, wakala kilichokuwepo. Askari mmoja alifyatua risasi juu, na tundu lake bado liko kwenye dari ya baa. Jirani, nyumba tatu zilichomwa, pamoja na karakana ya saa ya familia ya Mulliken. Hapa pia walipoondoka waliacha moto, ukawahiwa ukazimwa.

Makumbusho haya siku hizi yanasimulia upande wa Waingereza, jambo ambalo nililiona la kiungwana na la akili pia. Mzee aliyekuwa zamu, mvi tupu, sweta la kijani, alinisimulia habari za viatu vya askari kwa dakika kumi nzima: vilishonwa bila kutofautisha mguu wa kulia na wa kushoto. Akanionyesha pia meza aliyolia chakula George Washington alipopita hapa kama Rais tarehe 5 Novemba 1789. Ina ukanda kuizunguka. Sikukaa hapo. Rais akila mahali, mahali hapo hupata jina la kudumu, na mpishi hakumbukwi. Kwetu ni hivyo hivyo.

"Na baa aliachiwa nani?" nikauliza. Swali la mtu wa Mariakani.

Mzee akanitazama kama mtu aliyengoja kuulizwa hilo tangu asubuhi. "John Raymond," akasema.

Raymond alikuwa jirani, na husimuliwa kwamba alikuwa na ulemavu wa mguu. Familia ilipokimbia, yeye ndiye aliyebaki kuangalia nyumba. Askari wa Percy walipoingia, alihudumia. Alimimina, akajaza tena, akamimina. Hakuna anayeweza kusema alifanya hivyo kwa hofu au kwa kufikiri kwamba wakishalewa wataiacha nyumba. Wakati fulani aliona yametosha, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wakampiga risasi hapo.

Nilitoa simu nikafungua ile picha ya mnara, nikaikuza kwa vidole viwili. Majina ni nane. Saba ni ya watu wa Lexington, na la nane ni Asahel Porter wa Woburn, ambaye hakuwa mwanamgambo wala mkazi. Alikuwa msafiri, anakwenda sokoni Boston, jeshi likamkuta njiani gizani, likamchukua mateka. Asubuhi alipojaribu kuondoka akapigwa risasi. Hakushika silaha, lakini alifia asubuhi, karibu na uwanja, na jiwe ni la asubuhi. Raymond hayumo. Aliuawa mchana.

"Wote wawili walikuwa wanatoka tu," nikamwambia mzee.

"Ndiyo," akasema. "Ila mmoja alitokea mlango wa nyuma."

Nilizunguka nyumba. Nyuma kuna nyasi, mteremko wa kupanda, miti iliyogeuka rangi ya pilipili na manjano. Nilihesabu hatua kutoka ukutani hadi mahali kilima kinapoanza kumficha mtu, nikitembea kama mwenye mguu mbaya. Nilifika arobaini na kitu nikapotea hesabu kwa sababu mama mmoja na mbwa wake walikuwa wamesimama kando ya uzio wakinitazama. Nikawasalimu. Mbwa alijibu.

Basi la kurudi lilikuwa bado dakika 20. Shangazi akapiga simu kuuliza kama nimekula, kisha, baada ya kimya kidogo, akauliza hiyo mangwe ikoje. Nikamwambia zilikuwa mbili. Akataka kujua katika hizo mbili nani alikuwa anauza. Nikaanza kumsimulia habari za John Raymond, na nilikuwa nimefika mlango wa nyuma basi lilipotokea kwenye kona.

"Subiri," akasema shangazi, "usipande kwanza. Halafu?"